Miavuli Juani, Tukiwangoja Kumbikumbi

Enzi zetu sisi watoto wa Msambweni, kalenda ilikuwa ndani ya kichuguu. Vuli ikianza, ardhi ikilowa, kumbikumbi hao, wanafoka kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Tulikuwa tukiwakimbiza uwanjani hadi mbawa zikatuganda midomoni, na kuku wa Bibi wakila mpaka kutembea kukawashinda. Hapo ndipo watu wazima walipopanga mambo yao. Hakuna aliyemwoza binti kabla kuku hawajanona, maana pilau la kuku aliyekonda lilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Basi shangazi yangu Mwanaisha alipoposwa na Bakari wa Mkwiro, Bibi alitoa neno mbele ya wazee: harusi ni kumbikumbi wakitoka. Wakasoma fatiha, wakanywa kahawa, wakaagana.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa Uhuru. Bendera yetu tulikuwa nayo, vuli hatukuwa nayo. Mbingu nyeupe, kichuguu kimya, na Ramadhani inabisha hodi. Kwao Bakari wakaanza kunong'ona kwamba tunawazungusha. Wakatuma salamu: Mzee Shee, ami yake Bakari, atakuja Ijumaa baada ya sala, na asipowaona kumbikumbi, kijana ataozwa kwingine. Shangazi alilia hata macho yakavimba. Nasi watoto tulilia naye, kwa kuwa Bakari hakuwahi kuja bila visheti.

Bibi hakulia. Alijua, kama wajuavyo watu wa kwetu, kwamba ukipiga ngoma juu ya kichuguu kumbikumbi hudhani ni mvua. Tukapiga masufuria, tukamwaga ndoo za maji ya kisima. Wapi! Bibi akatuangalia vichwa, akapata jawabu.

"Nanyi mwaleta mvua huku mwatembea vichwa wazi! Nani atasadiki? Kumbikumbi si wapumbavu."

Ndiyo maana Ijumaa ile, jua likiwaka la kupasua vichwa, Mzee Shee alitukuta ukoo mzima tumejikunyata kuzunguka kichuguu, wengine chini ya miavuli, wengine chini ya majani ya mgomba. Baba alikuwa amekunja suruali isilowe. Jirani yetu Mama Zaina aliteleza kwenye tope lisilokuwepo, akaanguka kwa ustadi mkubwa.

"Kulikoni hapa?" akauliza Mzee Shee.

"Si mvua hii, babangu," Bibi akajibu, akimnyoshea jani. "Jifunike, usije ukapata homa."

Mzee Shee akatazama juu. Akatutazama sisi. Akamtazama Shangazi, ambaye yeye alikuwa akitetemeka kwelikweli. Mwisho akalipokea jani, akajifunika, akakaa nasi. Baada ya kitambo akasema polepole, "Na baridi ipo."

Hapo akatoka kumbikumbi mmoja. Akasimama mlangoni pa kichuguu, akakunjua mbawa, na jogoo akammeza.

"Umemwona?" Bibi akadakia.

"Nimemwona."

"Katoka?"

"Katoka."

"Na kuku kala?"

Mzee Shee akacheka hadi jani likamwanguka. "Kala, bibi. Kala!"

Vigelegele vikapasuka. Harusi ikafungwa juma lile lile. Kuku walikuwa mifupa mitupu, lakini pilau tamu kama lile sijalionja tena.

Siku hizi vijana wana simu za kuwaambia mvua itanyesha saa ngapi, na bado wananyeshewa. Kumbikumbi nao hawana mwezi tena. Juzi wametoka katikati ya kiangazi kwa manyunyu ya kupotea njia, wakajazana kwenye taa ya baraza. Wajukuu wangu wakafunga madirisha, wakapuliza dawa ya mbu. Moyo uliniuma. Nikampigia simu Shangazi, ambaye sasa ni mjane huko Mkwiro.

"Shangazi, wametoka! Hawana idadi!"



"Wa nini wote hao?" akasema. "Mie mmoja alinitosha."