Mkate, Kinyozi na Mtu wa Kugombana Naye

Emil Hruska aliendesha mabasi ya masafa marefu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna mji wa Marekani uliopona mdomo wake. Kila alipofikisha abiria na kupewa saa mbili za kupumzika, alishuka akatembea. Kama ndani ya saa hizo mbili aliweza, kwa miguu yake, kununua mkate, kunyoa nywele na kugombana na mtu, basi hapo palikuwa mji. La sivyo, alisema, hayo ni maegesho tu ambayo watu wamejenga nyumba pembeni yake.

Chicago ilipita. Philadelphia nayo ilipita, na ugomvi ulianza kabla hajaulizia mkate. Boston ilipita, ingawa alilalamika kwamba mitaa yake imechorwa na mlevi. New Orleans alivipata vyote vitatu kwa mtu mmoja, kinyozi aliyeuza mikate dirishani na kumtukana huku akimnyoa. Houston alitembea saa nzima akakutana na mbwa. Dallas, Indianapolis na Charlotte, alisema, ukifungwa kitambaa machoni ukashushwa mojawapo, hutajua uko wapi mpaka umwulize mtu, na mtu wa kumwuliza hayupo. Phoenix aliipa sifuri, akaongeza kwamba hata hiyo sifuri ni ya kuihurumia.

Haya nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyemwuzia mkate. Naitwa Bernadine. Nina duka la mikate mtaani Polish Hill, hapa Pittsburgh, na nyumba yangu imepakana na yake. Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara. Ugomvi aliupata dukani kwangu, kila asubuhi, bure.

"Mkate wa jana huu, Berna."

"Wa leo huo. Meno yako ndiyo ya jana."

"Chicago wangekufungia duka."

"Basi nenda Chicago. Nani kakushika shati?"

Hakwenda. Kesho yake alirudi kuusema mkate upya.

Mkewe Zdenka alipofariki, kilibaki kiti chake cha jikoni, cha miguu ya chuma na kikalio chekundu. Emil alikifanya kiti cha theluji. Kwetu theluji ikianguka unaizoa kwa beleshi kupata nafasi ya gari lako barabarani, na ukiondoka unaacha kiti katikati yake. Kikishakaa pale, nafasi ni yako. Hakuna sheria inayosema hivyo, na polisi hawataki hata kusikia habari zake. Lakini nimewahi kumwona mtu akizunguka mtaa dakika arobaini kwenye dhoruba, kwa kuogopa kusogeza kiti cha mjane.

Baridi ya mwaka juzi Emil aliteleza, goti likaumia lisipone vizuri. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwake kuna ngazi arobaini na saba. Bintiye wa pekee, Renata, ni muuguzi, anaishi huko huko Phoenix. Alikuja, akampandisha baba yake akizihesabu ngazi kwa sauti, walipofika juu akatoa hukumu.

"Baba, unakuja kukaa kwangu."

"Phoenix? Nimekosa nini?"

"Mwezi mmoja tu. Ukishindwa, sitakusumbua tena mpaka ufe. Ukiweza, nyumba hii tunaiuza."

Alikubali haraka kwa sababu alijua atashindwa. Mimi pia nilijua, ndiyo maana nilikuwa na moyo wa kumtania alipokiingiza kiti cha Zdenka kwenye tumbo la basi.

"Unahama na jiko zima?"

"Siendi kukalia viti vya watu mimi."

Wiki ya kwanza alipiga simu kila siku. Mkate uko maili mbili. Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara ya njia sita, ambayo mtu wa goti bovu haivuki akafika salama. Siku aliyojaribu kutembea, mama mmoja alisimamisha gari na kumwuliza kama amepotea. Nilicheka sana. Nilifurahi pia, sitaficha.

Wiki ya pili, asubuhi moja, alimwona Renata akiondoa gari mbele ya nyumba kwenda kazini. Mazoea yana taabu. Alikitoa kiti cha Zdenka akakiweka kando ya barabara, kumtunzia bintiye nafasi. Jua lilikuwa linachoma, na mtaa mzima ulikuwa na nafasi za kuegesha meli. Akaingia ndani kunywa kahawa, akatoka, kiti hakuna.

Kule, kitu kikiachwa kando ya barabara maana yake mwenyewe kakichoka, apitaye achukue. Emil angejuaje? Alianza kugonga milango, nyumba hadi nyumba, akichechemea. Kwenye nyumba ya tisa alikiona barazani. Bibi kizee amekikalia, na mwanawe Gilberto, fundi wa kuchomelea vyuma, amepiga magoti akipaka rangi mguu mmoja wa kiti. Mguu huo ulikuwa ukiyumba miaka kumi na moja, na sasa hauyumbi.

"Inuka kwenye kiti cha mke wangu!"

"Mzee, kilikuwa barabarani," Gilberto akasema.

"Kilikuwa kazini!"

Yule bibi, Eulalia, hakuinuka. "Ungekuwa unampenda mkeo," akasema, "kiti chake kingekuwa kinayumba hivi?"

Walibishana hadi adhuhuri. Walianza na kiti, wakaenda kwenye magoti, wakaishia kwenye Pittsburgh, ambayo bibi alisema lazima ni pabaya, maana kila aliyetoka huko haachi kuitaja. Emil alinisimulia yote kwenye simu, na sauti yake niliitambua. Ilikuwa ile ya asubuhi dukani kwangu.

"Kwa hiyo umerudishiwa kiti?"

"Nimemwachia. Ana mgongo, maskini. Kesho naenda kumwonyesha alipokosea."

"Kesho tena?"

"Hajamaliza kuwa mjinga, Berna."

"Umepata kimoja kati ya vitatu," nikamwambia. "Bado si mji huo."

"Si mji," akakubali. "Lakini kimoja kipo."

Nyumba iliuzwa Septemba. Alikuja siku nne kufungasha, akanunua mkate, akausema, akaondoka. Walionunua ni vijana wawili wenye baiskeli, wastaarabu kupita kiasi. Siku moja niliwauzia mkate wa jana kwa makusudi. Wakasema asante.

Januari theluji ilianguka. Nilichukua beleshi, nikazoa theluji kwenye nafasi ya Emil, nikaweka kiti changu cha jikoni katikati yake. Sijawahi kuwa na gari maishani mwangu. Ninamkumbuka sana, na sioni haya kusema. Kwa kipimo chake, mji wangu umebaki na mkate na kinyozi. Basi kila nikifunga duka nasimama dirishani nikikitazama kile kiti, labda atatokea mtu akisogeze, nishuke nikagombane naye. Magari yanakuja, yanapunguza mwendo, yanakiona, yanaenda kutafuta kwingine. Huku kwetu kiti cha mtu hakiguswi.