Nimepimwa tumbo private Kitengela, serikali Tanzania na serikali Kajiado: aliyeuona ugonjwa aliangalia miguu

Wakuu, sopa. Wale hawajui kuitikia salamu ya Kimaasai, semeni epa, tuendelee.

Nimewasoma hapa mkibishana. Mmoja anasema private ndio hospitali, ya serikali ni pa kwenda kufia. Mwingine anasema vukeni mpaka hapo Namanga mkaone vile Tanzania wanatibu watu. Wengi wenu mnaongea na hamjawahi lala hata kwa moja.

Mimi nimepimwa na zote tatu. Tumbo moja, ugonjwa mmoja. Sitaongeza chumvi, kwa sababu mama watoto ameketi hapa kando yangu anasoma, na huyo hanyamazi nikidanganya.

Mniwie radhi na mwandiko. Shule niliacha darasa la tatu nikafuata ng'ombe. Lakini nyumba nyingi mnazolala hapa Kitengela zimejengwa na mawe ya machimbo yangu, kwa hivyo mtanivumilia.

Ilianza tukipakia lori. Tumbo likanishika chini, upande wa kulia. Nikasema ni nyama ya jana. Nikanywa supu ya mizizi, ile chungu yetu, nikaendelea na kazi.

Haikuisha. Ikafika mahali mshipi haufungi, nikavaa suruali na kufunga shuka juu yake. Mama watoto akaangalia hiyo shuka. Akampigia kijana wetu Lemayian.

Lemayian ameajiriwa Nairobi na ameniweka kwa bima yake. Akaja mbio. "Baba, leo unaenda private. Hakuna kujadiliana."

Wakuu, private ni pazuri, siwezi danganya. Sakafu inang'aa mpaka unaogopa kuikanyaga. Wananiita client. Msichana wa reception akaniletea chai, kumbe haifai kunywa kabla ya scan, mwenzake akakuja kuichukua nikiwa bado naipuliza. Chai ilikuwa nzuri.

Wakatoa damu, wakapiga scan. Daktari kijana, mikono misafi, akanibonyeza tumbo huku akiniangalia usoni.

"Mzee, hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hakuna kitu hapo."

Mama watoto, ameketi kando, akakohoa. Nikamkazia macho.

Daktari akasema kwa damu kuna infection kidogo, na scan haijaona vizuri kwa sababu ya hewa tumboni, lakini vile hakuna maumivu, nimeze dawa, na ikianza kuuma nirudi haraka. Nikameza.

Hapa lazima nisimame kidogo nieleze, kwa sababu wengine wenu si wa huku.

Sisi kijana akipashwa tohara, ni asubuhi na mapema, baridi, amemwagiwa maji. Baba yako amesimama hapo, wajomba, kijiji chote. Hawaangalii kisu. Wanaangalia kope za macho na vidole vya miguu. Kope ikicheza, kidole kikijikunja, umeaibisha boma lenu, na itasemwa hata ukiwa na wajukuu.

Mimi sikucheza. Na tangu hiyo asubuhi sijawahi ambia mtu kuna kitu kinaniuma. Jiwe limewahi niponda kidole nikamaliza kupakia lori. Sasa mtu akinibonyeza huku ananiangalia usoni, mnafikiri mwili wangu utafanya nini? Utafanya kile ulifundishwa.

Turudi kwa stori.

Zile dawa zilituliza. Nikafikiri nimepona. Na mpwa wangu alikuwa anaoa upande wa Longido, kwa dada yangu. Mjomba hakosi harusi. Lemayian akaendesha, mama watoto akaketi nyuma, tukavuka Namanga.

Harusi haijaisha vizuri, nikaanza kutetemeka na homa. Dada yangu akalia, wakanipeleka hospitali ya serikali huko.

Niwape Watanzania haki yao. Heshima wako nayo. Kila anayepita ni shikamoo, mpaka nikachoka kusema marahaba. Kadi ya bima ya Lemayian huko haikuwa na maana, ilikuwa ni plastiki tu, lakini hakuna mtu alinifukuza. Foleni ilikuwa ndefu na watu wakanipisha kwa sababu ya mvi.

Daktari alikuwa mama mmoja mtaratibu, Kiswahili kimenyooka kama uzi.

"Shikamoo baba. Maumivu ni makali, ama ni ya wastani?"

Mimi kwa Kiswahili cha huku najua tu inauma ama haiumi. Nikamwambia haiumi.

Hakuridhika. Akaniwekea dripu, akasema, "Baba, ningependa ulale hapa nikuangalie mpaka kesho."

Nikakataa. Nikamwambia niko na machimbo, na mtu haumwi hakai kitandani. Akaniangalia sana. "Basi baba, ni uamuzi wako. Lakini ukifika kwenu usikae nyumbani."

Tukaanza safari ya kurudi. Nyinyi mnajua hiyo barabara, lami nzuri mpaka upate matuta. Kila tuta nashika ule mkono wa mlango. Tukapita Bisil, tuta, nikashika. Sikujua mtu ameketi nyuma yangu anahesabu.

Tukikaribia Kajiado, mama watoto akasema, "Lemayian, ingia hospitali ya serikali hapo."

Nikamwambia Lemayian asonge mbele mpaka Kitengela.

"Lemayian," akasema, "huyu ni baba yako lakini mimi ndio nitabaki mjane. Ingia."

Kijana akaingia. Sijawahi kuona mambo kama hayo kwa gari yangu.

Hapo hakuna chai. Ni benchi. Kando yangu mzee mwingine anatafuna tumbaku akiniuliza bei ya mbuzi. Wakaniita, tukaingia wote watatu, na nilikuwa nimejipanga kusema ile ile hapana yangu halafu niende nyumbani.

Daktari alikuwa mtu mnene, wa Bungoma, amefanya kazi huku miaka mingi mpaka Kimaasai anajaribu. Hakuniuliza kama inauma. Akasema nivue viatu.

"Viatu vya nini? Ni tumbo."

"Vua tu, mzee. Niambie, ng'ombe wako walipona kwa kiangazi?"

Nikaanza kumwambia juu ya ng'ombe. Huku naongea, yeye ananibonyeza, lakini haangalii uso wangu. Anaangalia huko chini, miguuni. Akabonyeza, akaachilia ghafla.

Akasema, "Mzee, kidole kikubwa kimecheza."

Wakuu, hilo ni tusi. Mbele ya mke wangu na kijana wangu! Nikaamka kwa kitanda nimpige na fimbo. Sikufika. Nilijikunja katikati kama kisu cha kukunja, na ndio mara ya kwanza Lemayian ananiona hivyo.

Daktari hakukasirika. Akamwambia mama watoto na Lemayian watupishe kidogo. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Mzee, mimi ni Mbukusu. Siku ya tohara nilipakwa matope ya mtoni baridi, nikasimama wima mbele ya baba yangu, sikupepesa jicho. Kwa hivyo mbele yangu huna deni ya kulipa. Wewe ulishasimama, iliisha siku hiyo. Mimi sina kisu mkononi. Nataka tu kujua ni wapi."

Nikaangalia ukuta. Nikaangalia mlango kama umefungwa kweli.

Nikasema, "Inauma."

"Kiasi gani?"

"Inauma sana, daktari. Tangu siku ya lori."

"Asante," akasema, kama nimempa mbuzi.

Jioni hiyo nilikuwa theatre, wananipasua. Kale kautumbo kadogo wanaita appendix kalikuwa kamepasuka zamani, usaha umejikusanya hapo. Daktari aliniambia baadaye kwamba zile dawa za private ndio zilinisukuma mpaka hapo, zilizuia kidogo, na kama ningefika nyumbani nikalala, asubuhi mama watoto angeamka peke yake.

Nililala hapo wiki na zaidi. Gloves zikikosa, Lemayian ananunua nje. Chakula ni mama watoto. Choo, tusiongee. Lakini niko hai naandika.

Sasa mniulize hospitali gani ni bora. Mashine ziko private. Adabu iko Tanzania, na kama ningelala vile yule mama aliniambia, pengine angeniona pia. Kajiado nilipata mtu aliyejua mahali pa kuangalia. Lakini zote tatu zilikuwa na madaktari wazuri na zote ziliuliza. Aliyedanganya ni mgonjwa. Vile tunapigia serikali kelele, na tuzidi kuipigia, mjue hakuna serikali wala bima itatibu tumbo lenye mdomo wake unasema hakuna kitu.

Juzi nilikuwa soko ya ng'ombe. Rafiki yangu wa rika moja, tulitahiriwa msimu mmoja, ameketi kwa jiwe, ameshika kifua.

"Nini hiyo?"

"Hakuna kitu. Ni upepo."

Uso wake ulikuwa umetulia kama maji ya bwawa. Nikaangalia chini. Alikuwa amevaa akala, zile ndara za tairi, vidole viko nje, na vimeshika ile tairi kama vinaning'inia kwa mti.

Sikumwambia nimeona nini. Nilimwambia, "Twende, kuna daktari nataka umsalimie."

Alitukana mpaka tukafika, lakini alipanda gari.

Sasa nyinyi mko na madigrii, semeni hapa: daktari akikuuliza kama inauma, huwa unajibu nini? Na kama uko na mzee nyumbani ambaye hasemi anaumwa hata siku moja, acha kumwangalia usoni. Mvue viatu.