Mbwa wa Baba Lusajo Uani Kwetu

Harufu ya pumba za mahindi zinazochemka pamoja na vichwa vya dagaa inanichefua hadi leo. Si kwamba ni harufu mbaya sana. Kila anayefuga mbwa huku kwetu anaijua, na wengi wanaipita bila kukunja pua. Mimi inanirudisha Ilomba, mtaa niliokulia, kwenye msimu wa baridi nilipokuwa darasa la nne, asubuhi zile ambazo ukungu ulilala juu ya mabati na mama akatuvalisha masweta mawili mawili, huku harufu hiyo ikivuka ua wa michongoma kutoka kwa jirani yetu, Baba Lusajo. Ikianza kunukia, maana yake chakula cha mbwa kiko jikoni na mbwa mwenyewe yuko nje anakisubiri. Ikikatika, mbwa ameshakula na kufungiwa bandani, nasi tunaweza kutoka. Tulikaa mlangoni na mikoba mgongoni tukinusa hewa, na kwa sababu hiyo mwalimu wa zamu alituchapa kwa kuchelewa karibu kila wiki.

Baba Lusajo alikuwa akiuza mbao, na alikuwa na mdomo. Ugomvi wake na mtaa mzima ulihusu kichochoro kilichopita kati ya ua wake na wetu. Watu walikitumia kwenda bombani, shuleni na kanisani tangu kabla hajanunua kiwanja, lakini yeye alitaka kiwe chake. Mwenyekiti wa mtaa alimkatalia mbele za watu. Basi akaleta mbwa. Alimwita Mtanyooka, na kila alipolitamka jina hilo kwa sauti ile ya mnadani, sote tulijua anayesemwa si mbwa. Alimkata ncha za masikio angali mdogo, kwa kuwa aliambiwa eti ndivyo mbwa anavyokuwa mkali, kisha akamjengea banda la mabanzi lisilo na dirisha, na mnyama yule akashinda humo gizani mchana kutwa. Imani hiyo haikuwa yake peke yake. Mtaani kwetu mbwa aliyezoea watu alihesabiwa hasara. Ukitaka wako awe na kazi, ulimficha asione mtu wala mbwa mwenzake, ili siku akiwaona awarukie. Baba Lusajo alizidisha tu. Alipita na fimbo akigonga yale mabanzi mpaka mbwa akaanza kujitupa huku na huku humo ndani, naye akacheka na kuendelea na shughuli zake. Nilikuwa nikimwangalia kupitia kwenye michongoma, na nilimchukia. Namchukia mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Geti lake lilikuwa zima, lina komeo na kufuli, ila halikufungwa. Aliliacha wazi kwa makusudi ili mbwa akalale kichochoroni. Mama yangu alimfuata mara kadhaa kumwomba alifunge, wakati huo akiwa peke yake na sisi, kwa sababu baba alikuwa Ubaruku kwenye mavuno ya mpunga. Kila mara alirudi amekaza midomo. "Ananiambia nihame," alisema, kisha akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Asubuhi moja mdogo wangu Ambwene, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alitumwa kununua maandazi kwa jirani aliyekaa mwisho wa kichochoro. Harufu ilikuwa imekatika, na mama akaona njia ni nyeupe. Kumbe siku hiyo pumba ziliungua zikamwagwa, na mbwa hakupewa kitu wala hakufungiwa. Tulisikia mtoto akilia kilio ambacho sijakisikia tena kwake, hata alipokuja kuvunjika mkono akiwa mkubwa. Nilipofika, mama alikuwa amemkamata mbwa kwa ngozi ya shingo, na mbwa hakuwa ameuachia mguu. Baba Lusajo alitoka getini na mswaki mdomoni. Alimwita mbwa wake mara moja tu, naye akaachia. Ndiyo kusema angeweza kumwita siku zote. Akatema povu pembeni.

"Hang'ati huyo," akasema. "Mtoto kakimbia. Muwafundishe watoto wenu wasikimbie."

Mama alimbeba Ambwene mpaka kwenye ndoo, akaosha kile kidonda kwa sabuni ya mche na maji mengi, akimimina na kumimina huku mtoto akipiga mateke. Wanawake wawili walikuja na ushauri wa kukata manyoya ya mbwa, kuyachoma na kupaka majivu yake kwenye jeraha. Mama aliwaambia majivu wapake kwao. Kisha akamfunga Ambwene mgongoni, akanishika mkono, tukaenda hospitali.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, naye alitufafanulia vizuri kiasi kwamba hata mimi nilielewa. Sindano ya kwanza ilikuwepo, akamchoma. Zinazofuata hazikuwepo, zilikuwa zimeagizwa, na hakuna aliyejua zingefika lini. Akauliza kama mbwa amechanjwa. Mama akasema mwenyewe anadai amechanjwa, ila hakumbuki wapi wala na nani.

"Basi huyo mbwa tunamhitaji mzima," muuguzi alisema. "Mumfunge, mumpe chakula na maji, mumwangalie siku kumi. Zikiisha akiwa salama, na mtoto yuko salama. Akibadilika, unirudie hapa mbio, sindano tutazitafuta hata Iringa. Ila asiuawe, mama. Akifa leo tutabaki tunabahatisha, na kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa."

Wakati wa kurudi, tulipokaribia kichochoro tukakuta vijana wamejaa na mawe mikononi. Baba Lusajo mwenyewe alikuwa amemfunga mbwa kamba kwenye nguzo ya geti na alikuwa akiwagawia nafasi, mwenye rungu aje mbele, watoto wakae nyuma. Alitukaribisha kama mtu anayetoa zawadi. Alisema ameona yaishe, mbwa anauawa, atatafuta mwingine. Watu walimwona muungwana. Jiwe la kwanza lilikuwa limeshampata mbwa kwenye ubavu.

Mama alipita katikati yao na Ambwene mgongoni, akasimama mbele ya yule mbwa. Alikuwa mwanamke mfupi.

"Ukimuua huyu, Baba Lusajo, umeniulia mtoto," alisema. "Mbwa huyu anatakiwa kuishi siku kumi. Mfunge kwako, umlishe."

"Mimi nifunge mbwa wangu siku kumi kwa ajili ya mguu wa mwanao? Nimfanyie na harusi, nimpige na picha?"

Watu wakacheka. Namkumbuka kila aliyecheka, na wengine bado tunasalimiana.

"Basi mlete kwangu," mama akasema.

Baba Lusajo akakubali kwa dhihaka, ila aliyemleta ni bwana mifugo wa kata, kijana mpole aliyeitwa na mama, akafika mchana na fimbo ndefu yenye kitanzi. Alimfunga kwa mnyororo kwenye mparachichi uliokuwa uani kwetu, akauzungushia mabati ya zamani mpaka kiunoni ili sisi watoto tusimfikie naye asitufikie, akaonyesha namna ya kusukuma bakuli kwa ufito mrefu bila kusogea karibu. Baba alipopiga simu kutoka Ubaruku na kusikia mbwa aliyemng'ata mwanawe anakula kwetu, alifoka mpaka mimi niliyekaa pembeni nikamsikia. Alitaka mbwa auawe kabla hajarudi. Mama alimwambia akirudi amkute, kisha akakata simu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Siku zile zilikuwa na hasira nzito. Mama alikuwa akimpikia adui. Kila asubuhi harufu ya pumba na dagaa ilitoka jikoni kwetu sasa, na alikoroga sufuria ile akisonya. Hakumwita jina lake. Alimwita "wewe." Wewe kula. Wewe nitazame. Alikaa kwenye kigoda upande wa pili wa mabati akichunguza kama mbwa anameza maji vizuri, kama mate yanamtoka, kama sauti imebadilika, na kutoka hapo aliingia ndani kumtazama Ambwene hivyo hivyo. Usiku hakulala vizuri, macho yakawa mekundu. Ambwene akikataa chai, mama alikaa chini. Mbwa akiacha chakula, mama alikaa chini. Nilianza kuelewa kwamba maisha ya mdogo wangu yalikuwa yamefungwa kwenye ule mnyororo, na nikawa namwombea mbwa niliyemwogopa kuliko kitu chochote.

Mbwa mwenyewe alibadilika, ila si kama tulivyohofia. Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa akishinda nje mchana kutwa. Uani kwetu walipita muuza maziwa, wanakwaya, kuku, mbuzi wa jirani, na mbwa mwingine mweupe aliyezoea kuja kuomba makombo. Siku za mwanzo alimrukia kila mmoja mpaka mnyororo ukamkaba. Hakuna aliyemgonga na fimbo, na wala hakuna aliyemcheka, kwa sababu mama alimfukuza yeyote aliyejaribu. Taratibu akaanza kulala tu na kuwatazama wakipita. Mbwa mweupe alikuja wakanusana kupitia kwenye upenyo wa mabati. Kelele zilipungua mpaka tukasahau kuzisikiliza.

Siku ya mwisho bwana mifugo alimkagua, akamchoma chanjo, akasema ni mzima kabisa. Mama alimwambia arudie. Akarudia. Ndipo akajifunika uso na kanga na kulia mbele yetu, huku Ambwene akimuuliza kama na yeye anaruhusiwa kucheza mpira sasa.

Jioni hiyo hiyo Baba Lusajo alikuja na mnyororo wake. Mama alimwomba amwachie mbwa. Naomba mtu anielewe hapo, mama yangu alimwomba mtu yule. Alikataa, si kwa kumpenda mbwa, bali kwa sababu tulimtaka. Alipokuwa akimtoa, muuza maziwa akaingia getini na baiskeli yake, na mbwa akatikisa mkia. Baba Lusajo alisimama. Alimwangalia mbwa, akamwangalia mama, na kwa mara ya kwanza niliona ameumia kwelikweli.

"Mama Tuse," akasema, akimwita kwa jina langu, "mmeniharibia mbwa."

Alimrudisha kwenye mabanzi. Kwa siku kadhaa, kila mama alipozungumza uani, mbwa alilia upande wa pili wa michongoma, na mama akawa anaongea kwa kunong'ona ili asimsikie. Kisha fimbo ikafanya kazi yake na kilio kikageuka kubweka. Geti likaachwa wazi tena, nasi tukarudi kunusa hewa mlangoni. Kabla ya mavuno yaliyofuata mbwa alipakiwa kwenye lori kwenda kulinda ghala la mpunga Ubaruku, na sikumwona tena.

Sasa naishi Iringa na nina mbwa wangu jike, mweusi. Amechanjwa, analala ndani ya geti lililofungwa, na tukitoka anatembea nami kwa kamba. Mtaa wetu ni mzuri, una nyumba za vigae na watu waliosoma, na kwenye mageti mengi kuna bati limeandikwa MBWA MKALI, na geti lenyewe liko wazi. Wakati wa Ilomba nilidhani ni ujinga wa mtu mmoja muuza mbao. Siku hizi wenye mbwa wanatoka na simu sikioni, mbwa wao anamjia wangu amekenua meno, nao wananipungia mkono kutoka barazani na kuniambia hang'ati. Nimewahi kumjibu mmoja kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wengine wanacheka wakimwona wangu amekaa kimya pembeni yangu watoto wa shule wakipita. "Dada, huyo ameharibika," wananiambia. Nawajibu kwamba ndiyo, nimemharibu mwenyewe.

Ambwene huja kunitembelea. Ni mtu mzima mwenye ndevu, na kovu lake liko chini ya suruali. Tukikutana naye njiani nikiwa na mbwa, husimama ng'ambo ya barabara na kujifanya anatafuta kitu mfukoni. Simwambii hang'ati. Naifupisha kamba, namkalisha mbwa, na ninangoja mdogo wangu apite.