Baba Mkwe na Mnuno wa Malkia

Baba mkwe wangu, mzee Somayajulu, alizaliwa Kuchipudi, kijiji chetu cha wacheza ngoma huko India kusini, kwa hiyo alizaliwa na ahadi shingoni. Kila mtoto wa kiume wa nyumba za wachezaji hapa kwetu lazima acheze Satyabhama angalau mara moja kabla hajafa. Satyabhama ni yule malkia, mke wa mungu Krishna, mwenye maringo na wivu, anayenuna mumewe asiporudi nyumbani. Ukifa hujamcheza, utajieleza huko mbele kwa aliyeanzisha mambo haya.

Na aliyeyaanzisha, wanasema, alikuwa kijana aliyekuwa anavuka mto kwenda kwa mkewe. Mto ukajaa. Akaona anakufa, akaapa kwamba akipona atakuwa mtawa. Akapona. Mke akabaki ng'ambo anasubiri, na mume akakaa kutunga ngoma nzima ya mwanamke anayesubiri mume. Kisha akaja kuwafundisha wavulana wa kijiji chetu. Wanawake hakuwafundisha. Nadhani aliona hilo la kusubiri tunalijua.

Basi wanaume wetu ndio waliokuwa wanawake jukwaani. Wanajua kuzungusha macho na kutembea kwa madaha. Wanajua kusema kwa sauti nyembamba pia, maana ngoma yetu si ya mabubu: mchezaji huimba, huongea, hugombana. Wanapanda kwenye ukingo wa sinia la shaba na kuliendesha kwa nyayo, huku mikono ikisimulia habari nyingine kabisa. Sinia hilohilo likiwa jikoni linangoja kusuguliwa, hakuna anayejua linashikwaje.

Mzee Somayajulu yeye alikuwa mshika pazia, mmoja wa wawili wanaolishika kwa mikono ili mchezaji asionekane kabla ya kutoka. Zamu yake ya kucheza ilipofika utotoni, akapata surua. Ilipofika tena, sauti ilikuwa imeshakuwa nzito, na binamu yake alikuwa na sura nzuri zaidi. Baadaye akapata kazi ya ukarani wa mifereji, na kazi, kama tujuavyo, haina macho ya kuzungusha. Akabaki na pazia. Malkia kabla hajatokea hurusha msuko wake mrefu juu ya pazia, maana yake: anayejiona mchezaji kuliko mimi aje aukate. Misuko ya wenzake yote ilimtua yeye kichwani.

Mwaka jana Hayagrivam, aliyekuwa akishika naye upande wa pili, akafa bila kucheza. Baba mkwe alirudi kutoka kuchoma maiti yake, akaoga, akakataa wali. Kesho yake akaenda kwa Pullayya, mwalimu wa ngoma aliyekua naye.

"Pullayya, sikukuu ya hekalu nacheza Satyabhama."

"Wewe? Kwa tumbo hilo? Watu watauliza mimba ya nani."

"Niliapa."

"Haya. Lakini nisikilize, ndugu yangu. Ukitoka kabla mchezo haujaisha, hujacheza. Ahadi yako itabaki palepale."

Hatua alizijua, alikuwa amezitazama maisha yake yote. Kilichomshinda ni kununa. "Huo si mnuno," Mwalimu alimwambia, "hilo ni jino linauma." Basi akaja nyumbani kujifunza.

"Mama Kesava," akamwuliza mama mkwe, aliyekuwa akichagua dengu, "ukikasirika huwa unafanyaje?"

"Kwani huwa nakasirika?"

"Sijui, ndiyo maana nauliza."

"Miaka yote hii hujui?"

"Basi nikasirikie kidogo, nione."

"Kaa hapohapo, baba. Unaendelea vizuri."

Nilikuwa namnyonyesha mwanangu, nikang'ata pindo la sari nisicheke. Tangu siku hiyo alimfuata mkewe kama kifaranga. Mama mkwe akitua mtungi kwa kishindo, na yeye anatua wake. Akimgeuzia mgongo, naye anageuka. Nyumba ikawa ya migongo miwili.

Siku ikafika. Pazia likashikwa, msuko ukarushwa, na safari hii ukampiga mtu mwingine. Hakuna aliyejitokeza kuukata. Nilijiandaa kuona aibu, lakini alipotoka, kwa kweli, tumbo nikalisahau.

Kikaja kipande ambacho malkia anaketi na kususa, na msiri wake, Mwalimu Pullayya mwenyewe, anambembeleza. Baba mkwe akashuka. Nilikuwa mbele na mtoto; nikalisikia goti likialika, nikauona uso ukibadilika chini ya rangi.

"Inuka, bibi yangu, mumeo yuko njiani."

"Siinuki."

Hapo malkia huwa anainuka. Mpiga ngoma akarudia mapigo ya kuinukia.

"Inuka, mama, maua ya kichwani yananyauka."

"Nimesema siinuki! Aje aniinue mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akamwinamia kama anayemfuta machozi. Baadaye alituambia walichonong'onezana: "Goti?" "Limekwama. Usinitoe."

Hakumtoa. Baba mkwe akacheza yote yaliyobaki amekaa, kwa macho, vidole na bega lililogeuzwa. Akatua mtungi usioonekana kwa kishindo, akaunyanyua, akautua tena. Jirani akampiga mama mkwe kiwiko: "Shoga, huyo si wewe?" Mama mkwe akajivuta sari usoni. Sikujua kama analia au anacheka. Krishna alipokuja, kijana mwembamba wa chuo, ikabidi ainame yeye. Kisha pazia likamfunika, na washika pazia wakambeba humohumo kama gunia la mpunga.

"Amecheza mpaka mwisho," akasema Mwalimu, na hakuna aliyebisha.

Nyumbani mama mkwe alimsugua goti kwa mafuta ya ufuta ya moto. Rangi bado ilikuwa usoni.

"Sema kweli," baba mkwe akauliza. "Nilikuwa kama nani?"

"Kama mimi. Ila mimi huinuka, maana sina wa kunibeba."

Akamsogezea goti aendelee kusugua.

Sasa yuko kitandani, goti limefungwa, wageni wanamiminika kumpongeza. Anawaeleza jinsi alivyoamua, kwa ufundi, kubaki amekaa. Mama mkwe anawaletea kahawa, na kila gilasi anaitua kwa kishindo. Wageni wanasema, "Tazama, hata mkewe ameshaanza kumwiga."