Siku Bibi Alipopanda Machela

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia Namswea na magari yao, malori ya chama chetu cha ushirika yaliegeshwa, na baba yangu, aliyekuwa dereva wa mojawapo, akarudishwa nyumbani. Hakujua kukaa. Aliinuka kabla hajamaliza kula, akaenda hadi barabarani, akasikiliza, akarudi. Akipalilia kahawa, jembe aliliacha katikati ya mstari. Mama alisema ni kama kuishi na mgeni aliyekwisha kufunga mzigo.

Mama ndiye aliyesikia kwamba misheni moja ufukweni mwa ziwa imefungua makumbusho ya vyombo vya usafiri vya zamani. Bruda mmoja alikuwa amevikusanya kwa miaka mingi, na sasa watu waliruhusiwa kuvitazama Jumapili baada ya misa. Mama alidhani matembezi yangemtuliza baba. Baba alikubali upesi mno.

Tulipata lifti katika pikapu ya mnunuzi mmoja iliyokuwa ikiteremka ziwani kufuata usipa, dagaa wa huko. Mama na bibi, mzaa baba, walikaa mbele na dereva. Mimi, msichana wa darasa la tano, nilikaa nyuma juu ya magunia matupu. Baba alisimama ameshika chuma, na kila tulipofika kwenye kona alikandamiza bodi kwa mguu wa kulia, kama anayefunga breki. Tulipopita Kingerikiti alikuwa ameloa jasho.

Makumbusho yenyewe yalikuwa banda la bati, zamani karakana. Ndani mlikuwa na pikipiki isiyo na matairi, boti la chuma, trekta, na lori la aina ile ile aliyoendesha baba. Alilifuata moja kwa moja, akafungua boneti.

"Hamna injini," alisema, akaifunga.

Baada ya hapo hakutazama kitu kingine. Alitoka kuangalia kama pikapu imerudi, akaingia, akatoka tena. Mtunzaji wa banda, mwenyeji wa hapo ufukweni, alikuwa akitueleza habari za boti, na baba akamkatiza kusema tutachelewa.

Bibi hakumsikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya machela, kiti cha kamba kilichoning'inizwa kwenye mti mrefu. Mtunzaji akamwambia kwamba Wazungu walibebwa humo kutoka ziwani hadi milimani.

"Najua," bibi alisema. "Mume wangu alibeba."

Baba alikuwa mlangoni. Aligeuka. Hakuwa amewahi kusikia habari hiyo, wala sisi. Bibi akaeleza, bila kuacha kukitazama kiti, kwamba ilikuwa kabla baba hajazaliwa. Babu alikuwa akirudi bega limevimba, analala ubavu mmoja, naye bibi anamkanda kwa maji ya moto. Babu hakupenda kuulizwa. Siku zote bibi alijiuliza aliyekaa juu alikuwa akiona nini.

Akavua ndala zake. Mtunzaji akasema kwa upole kwamba vitu vya humo havikaliwi. Bibi alikuwa amekwisha kukaa.

"Mwanangu," alimwambia baba, "nibebe."

Baba alishika ncha ya mbele. Mtunzaji alichungulia nje kama bruda yuko karibu, kisha akainua ya nyuma. Nilidhani watazunguka lori na kumshusha. Lakini baba alitoka mlangoni, akapita mbele ya kanisa, ambapo waumini waliacha mazungumzo, akaendelea. Mtunzaji alimsihi asimame. Mama alikimbia kando, ndala za bibi mkononi. Bibi alishika kamba. Baba alitembea kama mtu aliyefunguliwa, mpaka miguu yake ikazama kwenye mchanga wa ziwa.

"Inatosha," bibi alisema. "Nishushe."

Walimshusha. Bega la baba lilikuwa limechubuka. Bibi akamwambia, "Ukiwa juu, huoni uso wa anayekubeba. Unaona kisogo tu."

Baba aliketi mchangani. Nilikuwa sijamwona akiketi hivyo kwa miezi. Akauliza babu aliachaje kazi ile.

"Hakuacha. Barabara ilikuja."

"Akafanya nini?"

"Alinung'unika mwaka mzima," bibi alisema. "Halafu akapanda kahawa."

Bruda alitufuata huko huko, uso umewiva kwa hasira. Bibi alimwomba radhi kwa Kimatengo chetu, ambacho hakukielewa, na baba na mtunzaji wakairudisha machela taratibu. Tulikula muhogo wa kuchemsha tukingoja gari, na baba akaanza tena kuzungukazunguka.

Tukipanda mlima kurudi, safari hii baba alikaa mbele, nasi watatu tukakaa nyuma na harufu ya usipa. Kupitia dirisha dogo nilimsikia akimuuliza dereva kama tajiri wake anahitaji mtu mwingine. Mama naye alisikia. Alijifunga khanga upya na kutazama pembeni.

Msimu uliofuata baba alikuwa akipeleka Songea kahawa ya mnunuzi yule. Baadhi ya wanachama wenzake wa ushirika waliacha kumsalimu kanisani. Alirudi nyumbani mara chache, akila amesimama, ufunguo kidoleni. Bibi alikuwa akimwambia aketi. Naye alikuwa akijibu, "Mama, nimeacha gari linawaka."