Siku Niliyompeleka Mama Mkwe Msituni

Kwa miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu, mama mkwe hakuwahi kunitazama usoni, wala mimi sikuwahi kumtazama. Hatukuwa tumegombana. Ndivyo ilivyokuwa desturi kwao Mbeere na kwetu Githongo, kwa Wameru, vilevile: mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali wakionana, na wakikutana kwenye njia nyembamba, mwanamume huingia vichakani mpaka mama apite. Wachungaji walikuwa wakituambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe, ambaye hakukosa kanisani hata Jumapili moja, aliwasikiliza kwa heshima zote kisha akaendelea kunipa kisogo.

Nilimpenda hivyo hivyo, kisogo na yote. Jambo moja tu lilinikera. Siku wazee wetu walipokwenda kuposa, alimtuma mtu kutoka jikoni mara tatu kuuliza: huyu kijana ni wa ukoo gani, mama wa babu yake alitoka wapi, na mama wa nyanya yake je? Mara ya kwanza wazee walijibu. Mara ya pili wakakohoa. Mara ya tatu mjomba wangu akaomba aletewe kofia yake. Ndoa ilinusurika, lakini mimi niliweka kinyongo. Nilidhani mama yule anatafuta doa katika ukoo wetu, na kwamba hatachoka mpaka alipate.

Tulikuwa tukiishi Majimbo, mjini Embu, mimi karani na mke wangu mwalimu. Jumapili moja mke wangu alirudi kutoka kwao na ombi. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, naye alikataa katakata kupasuliwa. Kabla nuru haijamwisha alitaka kupelekwa mahali pawili kwa siku moja: kwanza kwenye mto Thuci, mpakani mwa Embu na Meru, halafu kwenye msitu wa Imenti, upande wa chini ya mji wa Meru, penye udongo wa chumvi ambapo zamani misafara ya watumwa ilikuwa ikilala. Mwenye gari katika ukoo mzima nilikuwa mimi.

"Kuna nini huko?" nikauliza.

Mke wangu akaketi, akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Nyanya wa mama yake alikuwa na dada. Ilipokuja njaa kubwa, nyanya alikuwa mtoto mdogo asiye na nguvu hata ya kusimama. Baba yao akamchukua yule dada mkubwa, msichana wa kama miaka kumi, akaenda naye mpaka Thuci, akarudi peke yake na kikapu cha wimbi. Nyanya akala ule wimbi, akapona. Mwaka uliofuata msafiri mmoja akaleta habari kwamba alimwona msichana kambini, pale msituni. Kutoka pale kulikuwa na njia mbili. Waliopandishwa njia ya juu walichukuliwa na Wameru, wakalelewa kama mabinti, wakaolewa. Walioteremshwa njia ya chini walikwenda na msafara kupitia Tharaka mpaka pwani, na hao hawakusikika tena.

"Yeye alienda ipi?"

"Hakuna anayejua. Mama anataka kujua."

"Na atajuaje, miaka yote hii?"

"Mimi nitajuaje atajuaje? Wewe tia gari mafuta tu."

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mke wangu alikaa mbele kando yangu, mama mkwe nyuma, na kabla hatujafika barabara kuu nikagundua tatizo. Kila nikiinua macho kwenye kioo cha ndani, yumo yeye. Basi nikakigeuza kikatazama paa. Niliendesha gari kutoka Embu hadi Thuci, kwenye lami iliyokuwa bado mpya, bila kujua kinachokuja nyuma yangu, mpaka lori moja la mbao likatupigia honi kwenye kona mbaya na nywele zikanisimama.

"Ambia yeye kuna lori," sauti ikasema kutoka nyuma.

"Mama anasema kuna lori," akasema mke wangu.

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

Ndivyo tulivyozungumza siku zote. Kimbeere chake na Kimeru changu vinasikilizana nusu nusu, kwa hiyo tulikutana katikati kwa Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha ofisini, na hata hicho kilipita kwanza kwa mke wangu kikachujwa.

Pale Thuci nilibaki kwenye gari nikitazama upande mwingine. Mama mkwe aliteremka ukingoni akishikwa mkono na binti yake. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba hakusali wala hakulia, aliinama tu akalowesha viganja, akasimama hapo kitambo. Aliporudi kwenye kiti chake akasema, "Ambia yeye twende. Nimeona pahali nilitokea. Hiyo wimbi ndiyo mimi." Mke wangu hakuyapeleka maneno hayo mbele. Hapakuwa na haja.

Tulifika msituni saa tano na nusu. Askari wa misitu aliyekuwa langoni alipajua mahali penye chumvi, akatuonyesha njia, akatuonya tuwe tumerudi kabla ya saa tisa maana ndovu hushuka kulamba udongo jioni. Tukala kwanza. Mke wangu alikuwa amepika nduma na kuku, na ili desturi isivunjwe, mama mkwe alikula chakula chake nyuma ya gari na mimi nikala wangu mbele, nimechuchumaa kando ya taa, na mke wangu akizunguka kati yetu na chupa ya chai huku akisonya.

Msitu ule ulikuwa na giza la kijani hata adhuhuri. Miti mikubwa imevaa kuvu na mimea ya kutambaa, maji yanadondoka ingawa mvua haijanyesha, na mbega wanaruka juu kabisa usiwaone ila mikia yao myeupe. Nilitangulia mimi. Sikuweza kumtazama mama mkwe, naye hakuweza kuniona vizuri, kwa hiyo kila baada ya hatua chache nilikohoa ili ajue njia inapoelekea. Nilikohoa mpaka koo likaanza kuuma kwelikweli.

Hatujatembea hata nusu saa, kisigino cha kiatu cha mke wangu kikakatika. Nilikuwa nimemwambia nyumbani avae raba. Alikuwa amenijibu kwamba hawezi kumsindikiza mama yake mahali pa heshima kama hapo na raba. Sasa alikuwa amekaa juu ya gogo, kiatu mkononi, hasira zote zimehamia kwangu.

"Nendeni," akasema.

"Tutaendaje sisi wawili?"

"Kwa miguu. Mama, mwambie yeye. Wewe, mwambie yeye. Mimi leo nimechoka kuwa redio yenu."

Tukaenda. Mimi nikikohoa, mama mkwe akifuata hatua kumi nyuma na fimbo yake, hakuna mtu wa kupokea neno wala wa kulipeleka.

Kisha tukaingia kwenye siafu. Mimi niliwaruka bila kuwaona. Yeye, kwa macho yake, alisimama katikati yao, na niliposikia ukelele nikajua wameshapanda. Siafu hawajui mambo ya ukwe. Wakiingia ndani ya nguo, nguo lazima zivuliwe, na mimi nilikuwa mwanamume pekee katika msitu ule, mkwe wake. Nilikimbilia mti ulio karibu nikaubandika uso kwenye gome, mikono nimeitia masikioni. Hata hivyo nilisikia gauni likikung'utwa, na maneno kadhaa ya Kimbeere ambayo sikudhani mama wa kanisa anayafahamu.

"Mti," ikaja sauti yake, yenye kuhema. "Ambia yeye asigeuke."

Nilifikiri kidogo. "Mti," nikasema, mdomo ukigusa kuvu, "mwambie mama sigeuki hata iweje."

Akacheka. Miaka sita, na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha mke wangu, kile kinachoanzia puani. Nilisimama pale pua kwenye mti nikiwapenda wote wawili kupita kiasi.

Tangu hapo miti ikatufaa. "Mti, ambia yeye apunguze mwendo." "Mti, mwambie mama kuna mzizi, ainue mguu." "Mti, uliza yeye kama kahawa ya kwao ilichanua." Tulifika kwenye udongo wa chumvi tukiwa tumezungumza zaidi ya tulivyozungumza tangu posa.

Hapakuwa na kibao wala jiwe la ukumbusho. Nilitegemea angalau kitu.

"Mti, ambia yeye aseme anaona nini."

Nikauambia mti. Uwanja mtupu, mdogo kuliko uwanja wa kanisa. Udongo mweupe uliochimbika kwa ndimi na pembe, nyayo za ndovu zenye maji. Upande wa kushoto njia inayopanda, yenye jua kidogo, ukiifuata unatokea kwenye mashamba ya watu. Upande wa kulia njia inayoteremka, na huko chini mtu anaona nchi kavu ya Tharaka kupitia matawi.

Mama mkwe akatembea hatua chache kwenye njia ya juu, akigongagonga fimbo. Akarudi. Akaenda hatua chache kwenye njia ya chini. Akarudi tena. Kisha akakaa chini kwenye udongo ule mweupe, na gauni lake la Jumapili, akanipa kisogo.

"Mti," akasema, "siku ya posa mimi niliuliza mara tatu. Wazee yao ikakasirika. Mimi sikuwa natafuta ubaya yao. Nilikuwa natafuta dada ya nyanya. Kama alipita hii ya juu, alizaa huko kwa Wameru. Pengine ndiye alizaa hata babu ya huyu. Hiyo ni damu moja, na mtoto yangu ameolewa na ndugu yake."

Akachota udongo mweupe kiganjani, akaumwaga.

"Nikipiga magoti naomba, Mungu, hebu awe alienda juu. Awe alipata chakula, awe alizaa, awe alizeeka. Halafu nakumbuka mtoto yangu na wajukuu yangu, naomba tena, Mungu, asiwe alienda juu. Sasa nikiomba hivyo si ni mimi namteremsha hii ya chini? Namuuza mara ya pili. Na wimbi nilishakula. Miaka sita, mti. Mimi sijui niombe nini."

Kinyongo changu cha posa kilikufa palepale, na aibu ikachukua nafasi yake. Nilikuwa nimemchukulia mama huyu kuwa ni mtu wa kiburi, kumbe alikuwa amebeba msichana wa miaka kumi mgongoni, hajui amtue wapi.

Ukweli ni kwamba sikujua chochote. Kwetu tunamtaja mama wa babu kwa jina lake tu, na nyuma yake ni kimya. Pengine alizaliwa Githongo. Pengine alipita kwenye udongo huu. Mimi kwa kawaida si mwongo, mke wangu husema ni kwa sababu sina kumbukumbu ya kutosha. Lakini pale niliufungua mdomo, uongo ukatoka wenyewe.

"Mti," nikasema, "mwambie mama kwamba kwetu, ng'ambo ya mto, kulikuwa na bibi mmoja mzee. Ukoo mwingine kabisa, hatuna undugu nao hata chembe. Watu walikuwa wakisema aliletwa kutoka upande wa Mbeere akiwa msichana, wakati wa njaa. Mimi nilimwona nilipokuwa mdogo."

Kisogo cha mama mkwe hakikutikisika. "Mti, uliza yeye, alikuwa na shamba?"

"Kubwa. Ndizi, viazi vikuu, na kahawa ilipokuja akapanda kahawa."

"Alikuwa anapigwa?"

"Nani angethubutu? Mumewe alikuwa akimwogopa."

Mbega mmoja akaruka juu yetu, majani yakadondosha maji. Kisha mama mkwe akainua mkono, akagusa chini ya sikio lake.

"Alikuwa na kovu hapa? Upande ya kushoto?"

Moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana nilijua sasa nimepewa alama ya kumalizia kazi. "Alikuwa nalo," nikasema. "Nalikumbuka vizuri sana. Hapo hapo, chini ya sikio."

Mama mkwe akageuka. Aligeuka mwili mzima, akanitazama usoni kwa yale macho yenye ukungu, na mimi, kwa kushtuka, nikasahau kukwepa.

"Mtoto yangu," akasema, bila mti wowote, "hiyo kovu nimetengeneza saa hii."

Uso ulinichoma mpaka masikioni. Nikaanza kuomba msamaha, kwa Kiswahili, kwa Kimeru, nikachanganya vyote. Akanizuia kwa mkono, akaupigapiga udongo kando yake nikae.

"Usiache hapo," akasema. "Alizaa watoto wangapi?"

Nikakaa. "Saba, mama," nikamwambia. "Wa kwanza alikuwa msichana."