Mlinda Makosa

Mniache niseme, maana nimenyamaza hadi kunyamaza kumenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Watu wakipita getini kwetu, ofisi ya mitihani, wanasoma lile tangazo ubaoni, wanatikisa kichwa, wanasema, "Wazembe hawa." Uzembe! Ingekuwa amri yangu ningelibandua nikalifutia viatu.

Mwanamke anayesemwa humo tulikuwa tukimwita Dada Gonga. Kazi yake ilikuwa kusoma mitihani kabla haijachapwa, na mimi ndiye mshika nakala wake. Yaani yeye anasoma kwa sauti ukurasa uliopangwa, mimi nafuata kwa kidole kwenye nakala ya mtunzi, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Miaka kumi na tisa tumekaa hivyo, meza moja, chumba kisicho na dirisha, mlango umetiwa ufunguo na mlinzi yuko nje. Hata kwenda chooni tunaomba ruhusa.

Karatasi ya lugha ina sehemu moja inayowatoa watu jasho. Sentensi inapigiwa mstari mahali panne, A mpaka D, na mtahiniwa atafute penye kosa. Kama halipo, achague E, "hakuna kosa". Sasa, msomaji kokote kule kazi yake ni kuua makosa. Hapo ni kinyume. Kosa limewekwa kwa makusudi, na mtu akilisahihisha, swali limekufa. Kwa hiyo dada alijiwekea utaratibu. Akifika kwenye kosa la makusudi analisoma lilivyo, halafu anagonga meza mara mbili kwa pete yake, ko ko, na mimi nachora duara dogo kwa penseli ya kijani. Maana yake: hili tunalijua, liache lilivyo. "Sisi ni walinzi wa makosa, mdogo wangu," alizoea kuniambia, "na mlinzi hasinzii."

Ofisi nzima waliujua ule mlio wa pete. Mafundi mitambo walimtania, "Dada, shemeji akikosea huko nyumbani unamgonga mara ngapi?" Naye hakosi jibu: "Shemeji yenu simgongi. Namsahihisha."

Alikuwa mfupi, miwani imefungwa uzi mkono mmoja, sweta la kahawia kiangazi na masika. Siku moja aliikuta barua ya mapenzi ya binti yake, akairudisha mezani ikiwa na masahihisho sita. Binti hakumsemesha wiki nzima. Lakini kazini hakukuwa na mtu kama yeye. Miaka ishirini na sita, halikumpita kosa hata moja.

Getini kwetu alikuwepo muuza chai, Mama Chai, na mabirika yake mawili na benchi moja. Miaka thelathini na nne, watoto wawili, na ndoto moja tu: chuo cha uuguzi. Alishafanya mtihani wa kuingia, huu unaotoka kwetu, mara mbili, akaanguka mara mbili, kwenye lugha. Chuo hakipokei mtu aliyefika miaka thelathini na mitano. Kwa hiyo mwaka huu ulikuwa wa mwisho, na kila aliyekunywa chai pale alilijua hilo.

Saa nne asubuhi, tukitoka kupumua, dada alikuwa akimfundisha kwa mitihani ya zamani, ile iliyokwishafanywa na kutupwa. Alimchorea maduara yetu ya kijani kwenye sentensi moja moja, akamweleza: "Ukiona duara, ujue hapo mtu amekosea huku akijua anachofanya." Mama Chai alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila sentensi aliiona ina kosa. Hata iliyonyooka kama rula, atatafuta pa kuikamata. Dada akamwambia siku moja kwa ukali, "Acha woga! Kama kosa halipo, sema halipo. Soma mara tatu, halafu jiamini." Nakumbuka vizuri, kwa sababu chai yangu ilipoa nikiwasikiliza.

Mtihani ukafanyika, matokeo yakatoka. Asubuhi ile tulimkuta Mama Chai amekaa kwenye benchi lake mwenyewe kama mteja.

"Hamsini na sita," alisema. "Wanataka sitini."

Dada akakaa karibu naye. "Karatasi ya maswali unayo?"

Alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya kopo la sukari. "Mwalimu, nilifanya ulivyonifundisha. Hapa ukurasa wa saba niliweka 'hakuna kosa' mara tatu. Nilisoma mara tatu tatu. Kwenye majibu waliyoyabandika, zote tatu wamenikata. Mimi sikuumbiwa kusoma, basi tu."

Dada akasoma. Niliona shingo yake inavimba. Akanipa karatasi. "Wanafunzi waliofika mapema walikaa mbele." Nikasoma tena. Jamani! Sentensi tuliyoigonga sisi ilikuwa "Wanafunzi ambao waliofika mapema", na duara nililichora kwa mkono wangu huu. Inayofuata, "Kila mtu alipewa kalamu mbili." Sisi tuliigonga "Kila watu walipewa." Na ya tatu nayo, safi, imenyooka. Kuna mtu alikuwa amesahihisha makosa ya mtihani! Na bahasha ya majibu, iliyofungwa kwa lakiri miezi miwili kabla, bado ilidai makosa yapo.

 Tulipanda ngazi moja kwa moja mpaka kwa mkurugenzi, bila miadi, na katibu wake akitukimbilia nyuma.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa tai na methali. Hawezi kukuomba kalamu bila hotuba. Dada alipomwekea ukurasa wa saba mezani, unajua alifanya nini? Alicheka! Akapiga paja.

"Nilikuwa nakungoja, Dada Gonga! Siku ile nilipita chumba cha mashine, nikachukua huu ukurasa, nikakuta makosa matatu. Matatu! Nikamwambia fundi ayarekebishe hapo hapo. Nikasema, leo bibi mkubwa nimemkamata."

"Mkurugenzi," dada alisema taratibu, "ulisoma maagizo?"

"Maagizo gani?"

"Yaliyo ukurasa wa sita. 'Tafuta kosa.'"

Alikuwa ameokota ukurasa mmoja, safi, usio na maduara yetu. Kuona maneno yamepigiwa mstari akadhani ni maswali ya msamiati. Fundi naye, nani abishane na bosi? Na kinachoniuma mpaka leo ni hiki: ukurasa ule ulikuwa na makosa tisa. Bingwa wa ufasaha aliona matatu! Sita yalimpita akiyatolea macho.

Kicheko kikamkauka. Akafunga mlango. Swali lake la kwanza halikuwa wangapi wameumia. Lilikuwa, "Nani mwingine anajua?"

"Watahiniwa elfu nne wameuona ukurasa huu," nikamjibu, sikungoja dada.

Alizunguka meza, akakaa, akasimama. Kisha akaanza kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dada ni hazina. Dada ni nguzo. Tatizo ni kwamba bodi haiwezi kuruhusu karatasi zisahihishwe upya bila barua inayomtaja mwenye kosa, na akitajwa mkurugenzi ofisi yote itatetereka. Lakini akitajwa msomaji... "Dada yangu, wewe umebakiza miaka miwili tu. Utapumzika mapema kidogo. Nani atakumbuka?"

"Na nisiposaini?"

"Basi hakuna barua. Hakuna aliyelalamika."

Ebo! Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nilimwambia mambo ambayo mama yangu angenipiga kofi kuyasikia. Nikamwambia nyani haoni kundule, nikamwambia jumba bovu alilolijenga mwenyewe limwangukie mwenyewe. Nikataka kwenda bodi mwenyewe. Dada akanishika mkono.

"Neno lako na langu dhidi ya lake. Watauliza miezi sita, na chuo kinafungua mwezi ujao." Akamgeukia mkurugenzi.  "Nina hasira na wewe hata sijui niiweke wapi. Wale walioandika 'hakuna kosa' ndio waliosoma vizuri kuliko wote, na ndio tuliowaadhibu. Mimi nilimfundisha mmoja wao kujiamini. Andika barua yako."

Barua ilichapwa haraka ajabu, kana kwamba ilikuwa tayari kwenye droo. Nakala tatu. Dada alivaa miwani.

"Humu ndani haitoki karatasi bila kusomwa," alisema. "Mdogo wangu, shika nakala."

Nikashika. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio kama siku zote. Akasoma kwa sauti ileile ya miaka yote.

"Mimi, msomaji wa karatasi ya lugha, nakiri kwamba makosa ya ukurasa wa saba yalitokana na uzembe wangu." Pete ikagonga meza ya mkurugenzi, ko ko.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikachora duara.

"Kwamba nilibadilisha sentensi tatu bila idhini." Ko ko. Duara.

"Kwamba uongozi wa ofisi haukuhusika kwa namna yoyote." Ko ko.

Mkurugenzi alikuwa anatazama dirishani. Aliuelewa mlio ule, asijitie hamnazo, maana masikio yake yalikuwa mekundu. Dada akasaini nakala zote tatu, akaandika tarehe, akarudisha koma moja iliyokuwa imeruka.

Tukiwa ngazini aliniapisha. "Mama Chai usimwambie hata neno moja. Namjua. Atakuja kupiga kelele hapa, na nafasi yake itapotea."

Nikaapa. Nililia pia, kwa hasira, na yeye akanikaripia kwamba nalowesha nakala.

Karatasi zikasahihishwa upya. Maswali matatu, alama mbili mbili, Mama Chai akapata sitini na mbili. Na wengine, nasikia mia tatu na zaidi, wakavuka pamoja naye. Dada akaondoka Ijumaa na kikombe chake na sweta lake. Jumatatu tangazo likabandikwa getini, "kutokana na uzembe wa msomaji, ambaye ameachishwa kazi", na mkurugenzi akasifiwa kwenye mkutano kwa kuchukua hatua. Walipiga makofi. Mikono yangu niliikalia.

Haya, sasa jana. Ilikuwa siku ya mwisho ya Mama Chai pale; tangu alama mpya zitoke alikuwa akihangaikia ada ya chuo, ubao hakuwa ameuona. Benchi ameshaliuza, kesho anakwenda chuoni. Natoka saa nne, namkuta amesimama mbele ya ubao, birika mkononi.

"Kumbe ni yeye," akasema. "Kumbe ni mwalimu mwenyewe! Ananiambia soma mara tatu, jiamini, na yeye amelala usingizi kazini! Mimi nimelia wiki mbili mbele ya wanangu, nawaambia mama yenu mjinga. Akipita hapa hata maji simpi."

Niliuma meno mpaka taya likauma. Nimeapa. Kiapo changu ni kutosema hata neno, na sikusema hata neno. Lakini nakala ya tatu, ile ya mshika nakala, ilikuwa kwenye mkoba wangu tangu siku ile, maana mshika nakala hatupi nakala. Nikaitoa, nikaikunjua, nikamwekea juu ya birika.

Alianza kuisoma kwa dharau, midomo imebinuka. Akafika kwenye "uzembe wangu" akaona duara. Akanitazama. Mimi nikatazama barabara. Akasoma la pili, duara. Kidole chake kikaanza kwenda polepole, kama alivyofundishwa, chini ya kila neno. La tatu akalisoma mara tatu, nilimhesabia.

Kisha akavua aproni, akaikunja, akaniuliza dada anakaa nyumba gani. Nikaapa nini? Kutosema. Basi nikaongoza njia, yeye akafuata na birika lake, na watu wa saa nne wakabaki pale wamesimama na vikombe vitupu.